Meno ya Juu ya Mdogo Wangu

Jino la kwanza la mdogo wangu wa kike tulilisubiri sana. Watoto waliozaliwa naye msimu mmoja pale kijijini walikuwa wanatafuna muhogo wa kuchemsha, yeye bado anacheka na ufizi mtupu. Kila asubuhi, baada ya kumnyonyesha, mama alimpitisha kidole mdomoni, na mimi nilisimama karibu nikimwangalia mama usoni nijue kama amegusa kitu. Siku alipogusa kitu kigumu hakufurahi. Alipitisha kidole mara ya pili, kisha akaniambia nikamwite bibi jikoni.

Jino lilikuwa la juu.

Pwani kwetu mtoto anayetanguliza meno ya juu huitwa kigego. Watu waliamini anakuja na mikosi, na zamani, kabla ya wazee wetu kuzaliwa, mtoto kama huyo aliweza kupelekwa porini akaachwa huko. Wakati wangu hakuna aliyethubutu kusema mambo ya porini, lakini neno lenyewe lilikuwa bado linatembea. Tulikaa Bungu, kando ya barabara, mahali ambapo mabasi ya kusini yalisimama abiria wanunue korosho na maji. Habari hapo haikai ndani ya nyumba moja hata kwa muda wa kupika chai.

Na mdogo wangu alikuwa tayari amesemwa vya kutosha. Alizaliwa na macho yaliyopanda kidogo pembeni, shingo laini, vidole vifupi, na ulimi uliopenda kuchungulia nje. Baadaye daktari alituambia hali hiyo inaitwa Down, kwamba mtoto huzaliwa nayo na si kosa la mama wala la baba. Wakati ule hatukuwa na jina lolote. Nyumbani tulisema tu kwamba ana hali yake.

Bibi alikuwa mama yake mama, Mmatumbi, mwembamba, mwenye meno yake yote. Alikuja akijifuta majivu kwenye kanga, akamshika mtoto kidevu, akatazama. Jirani yetu mmoja alikuwa ameshafika uani kuomba moto, akasimama akisubiri kusikia. Bibi hakumfukuza. Alimvutia kigoda.

"Kaa," alimwambia. "Nikuhadithie habari ya mama yangu mdogo."

Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Nimeisikia tena mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naiona kama jambo nililolishuhudia mwenyewe.

Vita vya maji vilipoanza kwenye milima ya Umatumbi, mama yake bibi alikuwa msichana mdogo wa kutumwa kisimani. Wanaume walikuwa wamechoshwa na kulimishwa pamba kwa viboko, wakanyunyiziwa ile dawa ya maji wakiamini risasi za Mjerumani zitageuka maji, wakaenda. Nyumbani walibaki wanawake, na mtoto mchanga wa kike ambaye meno yake ya juu yalikuwa yametangulia. Wazee walikuwa wamekaa vikao juu ya mtoto yule. Wengine walitaka apelekwe. Kabla hawajakubaliana, askari wakapanda mlimani, wakachoma nyumba na maghala ya mtama, na kila mtu akakimbia na alichoweza kubeba. Msichana yule alimbeba mdogo wake mgongoni.

Walijificha pangoni pamoja na watu wengine. Askari walipopita nje, mtoto alitaka kulia. Dada yake akamtia kidole mdomoni, na mtoto akakiuma kwa yale meno ya juu, akakishikilia, akanyamaza. Wakaokoka. Baadaye njaa ikaja, maana hakukuwa na mavuno. Walichimba ming'oko, vile viazi vya porini, wakashuka taratibu mpaka bondeni, wakavushwa Rufiji kwa mtumbwi wa Wandengereko, wakapokewa.

"Sasa walipofika huku," bibi akamwambia jirani, "mtoto alikuwa ameshaota ya juu na ya chini. Nani wa huku angejua yapi yalitangulia? Akakua, akaolewa, akazaa. Wanawe wako Mbwara, na baadhi wamekuja kukuuzia mkeka wewe mwenyewe."

Jirani alichukua moto wake akaondoka. Sitasema kwamba watu waliacha kusema. Ila hakuna aliyelitamka tena neno lile ndani ya uwanja wetu.

Meno mengine ya mdogo wangu yalikuja yanavyotaka. Mengine yalichelewa, mengine yalikuwa madogo yenye ncha kama punje za mchele, na sehemu mbili hayakuja kabisa. Usiku aliyasaga, tukisikia kutoka chumba cha pili. Baba alidhani ni minyoo, akampa dawa ya minyoo, na aliendelea kuyasaga vilevile. Alilala mdomo wazi, akaamka midomo imekauka. Ufizi wake ulikuwa unavuja damu kwa kitu kidogo tu.

Kumsafisha kinywa ikawa kazi ya bibi. Asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye mkeka, alikaa ameegemea ukuta wa jikoni, miguu ameinyoosha, mdogo wangu amelala chali kichwa kikiwa mapajani mwake. Kando yake palikuwa na kijiti cha mswaki alichokitafuna mwenyewe ncha mpaka kikawa laini, kikombe cha maji ya chumvi, na kisahani cha mkaa uliotwangwa. Harufu ile ya mkaa na moshi wa kuni za mkorosho ikinipata popote, hata mjini, narudi pale ukutani.

Mdogo wangu hakupenda kufunguliwa kinywa. Alikaza midomo, akageuza uso, au akauma. Ndipo bibi alipoanza kuhadithia vita huku akisugua. Akianza kusema "watu wakapanda mlimani," mtoto aliacha kupigana. Alipenda sauti ya bibi ikishuka wakati wa kujificha.

"Fungua pango," bibi alinong'ona. "Kuna askari ameingia huku nyuma, nimemwona na bunduki yake. Tumtoe."

Mdogo wangu alifungua kinywa mpaka tukaona kimio. Bibi alisugua magego ya huku, akahamia ya kule, akimfukuza askari kutoka jino hadi jino. Hadithi ilipofika mtoni, mtoto alijua cha kufanya. Alinyanyuka, akasukutua, akatema mbali iwezekanavyo, kwa sababu mto ule ulikuwa mpana na ilibidi watu wavuke. Mara nyingi alinitemea miguuni, akacheka mpaka akakohoa. Neno lake la kwanza lililoeleweka na watu wa nje lilikuwa "pango." Wageni walishangaa. Sisi tulijua ni saa ya mswaki.

Taabu ilianzia barabarani. Mdogo wangu alipoanza kutembea, akiwa amechelewa pia, alipenda kusimama mahali pa mabasi akiwapungia abiria. Alipunga kwa mikono miwili, na uso ule wa furaha ulikuwa haukatai mtu. Abiria walimrushia pipi madirishani. Wauza biashara nao walimpa kashata, kipande cha sukari guru, visheti vya jana. Kila mtu alimpa kidogo, na kila mtu alijiona ni yeye peke yake aliyempa. Alirudi nyumbani mashavu yananata.

Mwaka alioanza darasa la kwanza akaacha kula. Hakuwa mtoto wa kukataa chakula, basi mama akaingiwa na hofu. Wali aliupenda, akausukuma. Alijipiga shavu la kushoto kwa kiganja, tena na tena, akiwa ananung'unika. Tukamuuliza panauma wapi. Akatuonyesha goti, halafu tumbo, halafu akamwonyesha paka. Hakuwa na maneno ya kusema jino. Bibi alimlaza mapajani mwake, akaanza habari za mlimani, na kwa mara ya kwanza mtoto alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Bibi alisubiri hadi mtoto akasinzia, akachungulia. Gego la chini lilikuwa na shimo jeusi, na ufizi pembeni yake umevimba, una usaha. Bibi akatazama kikombe chake na kijiti chake.

"Hili si la kwangu," alisema. "Mpelekeni."

Zahanati walituambia hawawezi kumng'oa mtoto wa namna ile, hatatulia. Wakatupa dawa ya maumivu na kutuelekeza hospitali kubwa zaidi. Tulikwenda mama, bibi, mimi na yeye, tukasafiri kutwa nzima. Daktari wa meno alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, aliyekuwa anafanya kazi na kandambili miguuni kwa sababu miguu ilimvimba. Nilidhani atachukua koleo mara moja. Badala yake alimuuliza mama maswali ambayo mimi niliona hayahusiani na jino.

"Akikimbia anachoka upesi kuliko wenzake?"

"Anachoka," mama alijibu. "Anachuchumaa kwanza, halafu anaendelea."

"Midomo inabadilika rangi?"

Mama alifikiri. "Nilidhani ni baridi."

Daktari alichukua kipimo, akamsikiliza kifuani muda mrefu. Kisha akatueleza, polepole, akimtazama zaidi bibi kuliko mama. Watoto wengi wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Jino likiwa bovu, vijidudu vyake vinaweza kuingia kwenye damu wakati wa kung'oa, vikaenda kukaa moyoni. Hivyo hatamgusa mpaka moyo upimwe Dar es Salaam. Kwa sasa atampa dawa ya kuua usaha na ya kutuliza maumivu.

Mama alitoka pale amekasirika. Njia nzima alisema tumekwenda kwa jino, tumerudishwa na moyo. Lakini alikwenda Dar, akalala kwa ndugu wa baba huko Temeke, na mashine ikaonyesha tundu dogo kwenye moyo wa mdogo wangu. Walisema halihitaji kupasuliwa, linahitaji kuangaliwa, na kabla ya kung'olewa jino lazima anywe dawa. Mama alirudi na karatasi zile ameziweka kifuani. Hakukasirika tena. Siku kadhaa alikuwa akimshika mtoto kifua alipolala, akihesabu mapigo, kama vile kabla ya hapo hakuwahi kujua kuna kitu mle ndani.

Tuliporudi kwa daktari, mdogo wangu alikiona kile kiti kinachoegemea nyuma, akakaa chini sakafuni, akakataa kunyanyuka. Mama alimwambia afungue pango. Bibi pia. Akafunga midomo mpaka ikawa myeupe. Mimi nilijua kwamba hadithi ile ilikuwa ya ukutani kwetu, haikuweza kuishi mahali penye taa kali na harufu ya dawa. Mama alianza kumvuta mkono, na daktari akamzuia.

"Leo tumesalimiana," alisema. "Inatosha. Mleteni wiki ijayo."

Wiki iliyofuata hakumgusa tena. Alinilaza mimi kwenye kiti, akaniwashia taa, akapitisha kioo kidogo kinywani mwangu huku akihesabu meno kwa sauti. Mdogo wangu alisogea, akapanda kistuli, akachungulia kinywani mwangu pamoja naye. Kisha akanivuta nguo. Alitaka zamu yake. Daktari akamhesabia meno yake, akakosea makusudi, naye akacheka. Safari ya tatu alikunywa dawa yake mapema, akalala kitini mwenyewe, mimi nimemshika miguu, bibi ameshika mkono. Alipopigwa sindano ya ganzi alipiga ukelele mmoja ambao naukumbuka hadi leo, akamtazama daktari kwa hasira ya mtu aliyesalitiwa na rafiki. Jino lilipotoka aliacha kulia, akanyoosha mkono apewe.

Akapewa. Watoto wa kwetu hutupa jino la utotoni juu ya paa ili waote jingine. Yeye alikataa katakata kutupa. Alizunguka nalo ngumini, akalionyesha kwa makuli, kwa mwalimu, kwa imamu akitoka msikitini. Imamu alilitazama kwa makini, akamwambia ni jino zuri sana.

Siku ile ya kung'oa, kabla hatujaondoka, daktari alitufundisha. Alitupa mswaki wa dukani wenye kichwa kidogo, wa mtoto mdogo kuliko yeye, akatuonyesha namna ya kuuelekeza kwenye ufizi na kuuzungusha taratibu, na kusafisha ulimi. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya njegere. Maji mara kwa mara, kwa sababu anapumulia mdomo na mate yanakauka. Vitu vitamu visiwe vya kutwa nzima. Na mkaa uachwe.

Bibi aliinua uso. "Mkaa?"

"Unakwaruza, Bibi. Ufizi wake ni laini, unaumia upesi."

"Meno yangu haya yote ni ya mkaa."

"Nayaona," daktari alisema. "Ni mazuri kuliko yangu. Lakini ya kwako yalipata ufizi mgumu. Yeye hakupata."

Njia nzima niliogopa kwamba bibi amekasirika na atagoma. Asubuhi alikaa ukutani kama kawaida, akamlaza mtoto, na kisahani cha mkaa hakikuwepo. Aliushika ule mswaki wa plastiki kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kaa la moto, akautia povu, akaanza habari za mlimani. Lile povu jeupe lilimfurahisha mdogo wangu kupita kiasi.

Habari ya pipi ilikuwa ngumu zaidi. Bibi alipita kwa wauza biashara mmoja mmoja.

"Mkimpenda, mpeni korosho. Mpeni muhogo wa kuchoma."

Mwanamke mmoja muuza kashata aliona ameambiwa ana husuda ya kumdhuru mtoto, na hakutusalimia muda mrefu. Mdogo wangu naye alilia barabarani, akajilaza vumbini, watu wakituangalia kana kwamba tunamtesa. Abiria hatukuweza kuwaambia. Basi baba akamfundisha kuleta nyumbani kila anachorushiwa, akiweke kwenye kopo, ale Ijumaa baada ya chakula kisha apige mswaki. Alilizoea. Wakati mwingine alikaa na lile kopo akilitikisa tu kusikia sauti yake.

Ni baba pia aliyemfanya ajitegemee. Vidole vyake vifupi havikuweza kuushika mpini mwembamba, ukawa unamzunguka mkononi. Baba akakata mpira wa zamani wa baiskeli, akauviringisha kwenye mpini na kuufunga kwa uzi, ukawa mnene kama mshiko wa jembe. Miaka ilipita kabla hajaweza kusugua vizuri, na hata alipoweza, mmoja wetu alimalizia sehemu za nyuma. Bibi alimalizia mpaka macho yake yalipopungua nuru. Hapo aliniachia mimi, lakini akataka tukae karibu naye ili ahadithie. Nilisugua, naye akasema. Nikienda haraka kuliko hadithi, alinikemea kwamba nimewavusha watu mto kabla hawajashuka mlima.

Bibi alikufa msimu wa kuangua korosho. Aliugua kidogo tu. Mdogo wangu, wakati huo msichana mkubwa, alikaa kwenye mkeka na wanawake wa msiba siku zote, ametulia, mtu akija anampa mkono. Wiki kadhaa baada ya mazishi alikataa mswaki. Hatukumlazimisha. Asubuhi moja aliamka, akachukua maji, akaenda kusimama uani peke yake, akaanza. Nilimsikia akisema maneno fulani kati ya povu. Sikusogea kusikiliza.

Baba na mama nao wametangulia, na sasa tunakaa wote wawili Kibiti, pamoja na wanangu. Meno yake mawili ya mbele ya chini yalilegea yakatoka, na ufizi bado unatusumbua. Mara mbili kwa mwaka nampeleka kusafishwa. Madaktari wa sasa ni vijana, wanamwita dada mkubwa, na wakisahau kuuliza habari za moyo yeye mwenyewe hujigonga kifua. Tundu lile bado lipo, dogo vilevile.

Mwaka huu mpunga ulipokomaa nilimpeleka Mkongo, kwenye shamba tulilorithi bondeni Rufiji. Kwa miaka mingi nilikuwa nimelikodisha na hatukuwa tumefika. Dungu la baba, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, lilishaanguka, zimebaki nguzo mbili. Wanawake waliolima pale walikuwa wanatwanga pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa ukiwa bado na maziwa, wakatupa kwenye ungo. Nilitaka kumwambia ale kidogo, ni ngumu. Akanitazama kama asemaye nimwache. Tulikaa kwenye tuta tukila, miguu yetu kwenye maji ya mfereji. Alitafuna kwa upande wa kulia, pole pole, kila kiganja mpaka kiishe, akiwapungia kwa mikono miwili watu waliopita na baiskeli ng'ambo ya shamba. Tuliondoka jua lilipozidi kuwa kali.